Walivutaje magari ya dragi enzi zile? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikimwonyesha mtu picha ya gari la mbio la Kimarekani la miaka ya 1960, jicho lake huenda kwenye injini kwanza, halafu hushuka kwenye bampa, halafu linakuja swali: "Hizo pembe mbili za chuma hapo mbele ni za nini?" Ukijibu hilo, linazaa la pili, na la pili linazaa la tatu. Nimeyakusanya hapa yale ninayoulizwa zaidi kuhusu namna magari hayo yalivyovutwa mpaka uwanjani.

Mbio za dragi ni zipi hasa?

Magari mawili, barabara iliyonyooka, kutoka kusimama kabisa mpaka mwisho wa robo maili, yaani futi 1,320 au mita 402. Anayetangulia kufika ameshinda. Kona hakuna. Mchezo huu ulikulia California baada ya Vita Kuu ya Pili: Goleta mwaka 1949, uwanja wa ndege wa Santa Ana mwaka 1950, kisha Wally Parks akaanzisha chama cha mbio hizi, NHRA, mwaka 1951 ili vijana waache kushindana barabarani usiku.

Ninaowazungumzia hapa ni watu wa ridhaa: fundi wa gereji, mkulima, kijana wa kituo cha mafuta, askari aliyemaliza muda wake. Jumamosi anafunga mizigo, Jumapili anakimbia, Jumatatu asubuhi yuko kazini na macho mekundu. Akishinda anapewa kikombe.

Kwa nini asiliendeshe tu mpaka uwanjani?

Mwanzoni ndivyo walivyofanya. Gari la kwendea kazini ndilo hilohilo la mbio. Unafika uwanjani, unabandua vifuniko vya magurudumu, unafungua ekzosi ili injini ipumue, unatoa matairi ya nyuma na kufunga yale ya vipara, yasiyo na kashata, uliyoyabeba kwenye kiti cha nyuma. Jeki, spana, robo saa, umemaliza. Jioni unayarudisha yote kama yalivyokuwa, unakwenda nyumbani.

Shida ni kwamba kila kinacholifanya gari liwe kali kwenye robo maili kinalifanya liwe adha barabarani. Injini iliyoongezwa mgandamizo inataka petroli ya bei na inachemka kwenye foleni. Klachi ngumu inakuua mguu. Difu (gia za ekseli ya nyuma) ya uwiano wa 4.88 kwa 1 inaifanya injini ipige kelele hata kwa mwendo wa kawaida. Na kuna hesabu iliyowauma zaidi ya hizo zote: likivunjika uwanjani, unarudi nyumbani na nini?

Kwa hiyo chuma cha kuvutia gari la mbio nyuma ya gari jingine kilipoingia, hakikubadilisha safari peke yake. Kilimpa mtu ruhusa ya kutengeneza gari ambalo halihitaji tena kumrudisha nyumbani. Kwa maoni yangu hapo ndipo gari la mbio na gari la barabarani vilipoachana, na si kwenye injini kama wengi wanavyodhani.

Hicho chuma cha kuvutia kilikuwaje?

Fikiria herufi A iliyolazwa chini. Miguu miwili ya A inafungwa kwa pini au bolti kwenye masikio mawili yaliyochomelewa mbele ya chesi ya gari la mbio. Hizo ndizo "pembe" ulizoziona kwenye picha. Kichwa cha A kina kikombe kinachokaa juu ya gololi kubwa ya chuma iliyofungwa nyuma ya gari linalovuta. Pembeni kuna minyororo miwili ya usalama, na waya unaopeleka umeme kwenye taa za nyuma za gari linalovutwa, kwa sababu dereva wa nyuma yako haioni breki yako tena. Anaiona ya gari la mbio.

Ndani ya gari la mbio hakukaa mtu. Magurudumu yote manne yako chini, na ya mbele yanajigeuza yenyewe, kama magurudumu ya kitoroli cha dukani yanavyofuata mkono. Kinachofanya hivyo ni mwinamo wa mhimili wa usukani. Ukivuta, gurudumu linatafuta kunyooka. Mwinamo ukiwa umeharibiwa, na waliokuwa wakiinua pua ya gari kwa kubadilisha ekseli ya mbele waliuharibu sana, magurudumu yanaanza kutikisika mwendo ukifika mahali fulani, na usukani mtupu unazunguka huku na huku kama kuna jini ameushika.

Kitu kimoja hukifanyi: kurudi nyuma. Ukijaribu, magurudumu ya mbele yanakunja upande, A inapinda, na chuma kinakula bampa. Ndiyo maana watu hawa walichagua vituo vya mafuta vyenye nafasi ya kuzunguka. Ukikosea ukaingia uchochoro, unafungua gari, mnalisukuma kwa mikono, unageuza la mbele, mnaunga tena.

Magari ya Marekani ya kuanzia 1969 na 1970 yalileta mtego mpya: kufuli ya usukani. Ukitoa funguo, usukani unajifunga. Aliyesahau kuuacha wazi aligundua kwenye kona ya kwanza, kwa sauti ya matairi.

Nasikia walifungua propela shafti kabla ya kuvuta. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda, basi nipe nafasi.

Gari likivutwa na magurudumu ya nyuma yako chini, magurudumu yanazungusha difu, difu inazungusha propela shafti (fimbo ndefu inayounganisha giaboksi na difu), propela inazungusha upande wa nyuma wa giaboksi. Sasa piga hesabu. Tairi lenye kimo cha inchi 28 huzunguka kama mara 720 kwa maili. Kwa mwendo wa maili 60 kwa saa (kilomita 96), ni mizunguko 720 kwa dakika. Zidisha kwa 4.88: propela inazunguka karibu mara 3,500 kwa dakika, saa nne mfululizo, wakati injini imezimwa na hakuna kitu kinachosukuma mafuta ndani ya giaboksi. Kwa nyingi za otomatiki pampu huendeshwa na injini; injini ikilala, sahani na bushi za ndani zinasagana zikiwa kavu. Unafika uwanjani na giaboksi iliyokwisha kabla hujakimbia hata mara moja.

Kwa hiyo: unaingia chini ya gari, unafungua nati nne za krosi (kiungio cha propela) kwenye difu, unaichomoa propela. Vikombe vya krosi unavizungushia utepe wa gundi mara moja, maana vikidondoka, vile vijiti vyake vidogo vya beringi vinasambaa kwenye mchanga na hutavipata vyote. Mwishoni mwa giaboksi panabaki tundu, na mafuta yanachuruzika, basi wengine walichomeka kipande cha shafti ya zamani, wengine walifunga mfuko wa plastiki kwa mpira. Propela inasafiri kwenye gari la mbele, juu ya matairi na sanduku la spana.

Hata hivyo difu yenyewe inaendelea kuzunguka, na wengi walikuwa wameifunga au kuichomelea ili magurudumu yote mawili ya nyuma yasukume sawa. Difu ya namna hiyo kwenye kona haikubali gurudumu la nje kwenda kasi kuliko la ndani. Moja lazima liteleze. Utasikia "chwi, chwi, chwi" kila ukiingia kituo cha mafuta, na hiyo ni mpira wako unaobaki kwenye lami. Ndiyo sababu nyingine ya kutovuta gari likiwa na matairi ya mbio.

Kamba haikutosha?

Kwa kutoka mtaa wa pili, ndiyo, na wapo waliofanya. Lakini kamba inataka mtu wa pili ndani ya gari la nyuma, akishika breki wakati wote. Mimi niliwahi kuvutwa kwa kamba kutoka Chalinze mpaka Mlandizi na sitaki kurudia. Nilitazama bampa ya mbele yangu kama mtu anayesoma mtihani. Kuvuka jimbo zima kwa mtindo huo si mchezo.

Gari gani lilivuta?

Chochote kizito chenye injini ya V8 na chesi ya kweli chini yake. Kipenzi cha wengi kilikuwa stesheni wagoni kubwa ya familia, Ford au Chevrolet au Pontiac. Ilikuwa na mahali pa kuweka kila kitu: matairi, jeki, giaboksi ya akiba, difu ya akiba, mtungi wa maji, sanduku la barafu lenye mikate na soda, na juu ya vyote hivyo godoro la watoto. Pikapu zilikuwepo, lakini pikapu ya miaka ya 1950 ilikuwa chombo cha shamba, kigumu na cha polepole, na mama watoto hakutaka kukaa humo maili 500.

Mzigo huo wote nyuma ya ekseli uliushusha mkia wa wagoni chini. Nyuma ikishuka, pua inapanda, na usiku taa zinamulika vilele vya miti badala ya barabara. Dawa ilikuwa springi za kuongezea, au mifuko ya mpira ya hewa iliyoingizwa ndani ya springi za nyuma na kujazwa upepo kwenye kituo cha mafuta kama tairi. Baadaye zikaja fito za kusawazisha uzito, zinazosukuma sehemu ya mzigo irudi kwenye magurudumu ya mbele. Hizo zilifanya kazi vizuri kuliko mengine yote.

Petroli haikuwa tatizo sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 galoni moja, karibu lita 3.8, iliuzwa senti thelathini na kitu.

Ni kweli gari hilohilo la familia ndilo lililowasha gari la mbio?

Kweli kabisa. Magari yale marefu membamba, dragsta, hayakuwa na staata. Staata ni uzito. Kwa hiyo gari la kuvuta lilifungwa ubao au mpira mnene kwenye bampa ya mbele, likaja nyuma ya dragsta na kuisukuma mpaka mwendo ufike, ndipo dereva wa mbele anawasha umeme na kufungulia mafuta. Injini inakohoa, inashika, moshi, na gari la familia linafunga breki na kubaki nyuma. Mara nyingi aliyeshika usukani wa gari la kusukuma alikuwa mke wa dereva. Baada ya mbio, gari hilohilo linakwenda mwisho wa uwanja kumchukua bwana na kumvuta kurudi. Mtindo huu uliendelea mpaka miaka ya 1970, staata za kubebwa mkononi zilipouondoa.

Matela yalianza lini?

Hayana siku moja ya kuanza. Dragsta ilihitaji tela tangu mwanzo, maana haina taa, haina breki za mbele, na magurudumu yake ya mbele ni kama ya baiskeli. Kwa magari ya kawaida, miaka ya 1950 chuma cha A kilitawala. Miaka ya 1960 tela likaanza kukifukuza. Kufika 1970 ukivuta kwa A watu walikuona mshamba au huna hela, na pengine vyote viwili.

Mengi yalitengenezwa nyumbani. Mtu ananunua ekseli mbili za nyumba za kuvutwa zilizochakaa, ambazo zilikuja na breki za umeme, kitu cha thamani. Anachomelea fremu ya vyuma vya umbo la U. Katikati hakuna sakafu, ni njia mbili tu za kukaa magurudumu. Ukikanyaga vibaya usiku mguu unapita. Mbele kunakaa winchi ya mkono, kwa siku ambayo gari haliwezi kupanda lenyewe.

Kosa la watengenezaji wa nyumbani lilikuwa kuweka ekseli mahali pabaya. Kanuni inayojulikana ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ilalie kwenye gololi. Gari la kilo 1,600 juu ya tela la kilo 700 ni kilo 2,300, basi unataka kilo 230 mpaka 345 pale mbele. Ukipungukiwa, tela linaanza kuyumba. Kwanza kidogo, kama linatania. Kisha mkia wa gari lako nao unafuata. Anayekanyaga breki ya mguu hapo amejimaliza. Njia ni kuondoa mguu kwenye mafuta na kukaza breki za tela peke yake kwa mkono, kama unazo. Wenye uzoefu waligongomea kipande cha ubao kwenye tela kuonyesha gurudumu la mbele lisimame wapi, maana kusogeza gari shubiri moja kunabadilisha kila kitu.

Matela ya dragsta yalikuwa na shida yake: yalirefuka mwaka hadi mwaka. Miaka ya 1950 umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya dragsta ulikuwa kama inchi 100. Karibu na 1970 ulipita inchi 200. Tela ulilochomelea mwaka juzi halitoshi tena, unakata na kuunga.

Milimani ilikuwaje?

Mtu wa Los Angeles aliyetaka kwenda uwanja wa Famoso, kaskazini ya Bakersfield, alilazimika kuvuka mlima wanaouita Grapevine. Kilele chake, Tejon Pass, kiko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kupanda, wagoni inachemka, unazima kiyoyozi kama unacho na unafungulia hita ndani ili kutoa joto la injini, katika jua la jangwani. Kushuka ni mbaya zaidi. Breki za wakati ule zilikuwa za ngoma, na gari linalovutwa kwa A halina breki yoyote ya kwake. Zikipata moto zinalainika, pedali inazama. Unashuka kwa gia ndogo tangu juu, si katikati.

Safari ndefu kabisa zilikuwa za umbali gani?

Mwaka 1954 NHRA yenyewe ilituma kikundi cha watu wachache na stesheni wagoni moja ikivuta tela dogo lenye vifaa vya kupimia muda, wakazunguka nchi kufundisha miji namna ya kuendesha mbio salama. Mwaka 1955 mashindano ya kwanza ya taifa yakafanyika Great Bend, Kansas. Mvua ikanyesha. Ikanyesha tena. Fainali zikahamishiwa Arizona, mwezi Novemba, ambako Calvin Rice alishinda. Nikifikiria habari hii simfikirii Rice. Namfikiria yule aliyevuta gari mpaka Kansas, akalala kwenye wagoni akisikiliza mvua juu ya bati, kisha akaambiwa akitaka kumaliza avute tena mpaka Arizona.

Mwaka 1959 Don Garlits, dereva wa dragsta, alivuta gari lake kutoka Tampa, Florida, mpaka Bakersfield, California, zaidi ya kilomita 4,000. Sheria ya barabara kuu mpya ilipitishwa 1956 tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya kupita katikati ya miji, taa kwa taa. Alipofika alishindwa, na ubingwa ukaenda kwa Art Chrisman.

Likivunjika uwanjani?

Injini ikipasuka, si neno. Propela inatoka vilevile, gari linavutwa. Ekseli ya nyuma ikikatika, hapo ndipo mtu wa A anaanza kutembea akiuliza nani ana tela lenye nafasi na anaelekea upande wake.

Na yale malori yenye gari mgongoni?

Yalishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1960: lori la tani moja, Chevrolet C-30, Ford F-350 au Dodge D-300, na nyuma jukwaa la mteremko la kupandishia gari. Yalipendeza. Mwaka 1970 madereva Don Prudhomme na Tom McEwen, wakidhaminiwa na Hot Wheels, vigari vya kuchezea vya kampuni ya Mattel, walizunguka nchi na malori yaliyopakwa rangi kulingana na magari yao, na kila kijana akataka lake. Mtu wa ridhaa alilipata likiwa limechakaa, la mkono wa tatu. Ubaya wake ni urefu: gari limekaa juu, upepo wa ubavu unalisukuma, na kona unaiingia kwa adabu.

Kwa nini stesheni wagoni zilitoweka?

Mafuta yalipanda mwaka 1973. Mwanzoni mwa 1974 mwendo wa barabarani ulishushwa mpaka maili 55 kwa saa nchi nzima. Mwaka 1977 General Motors ikapunguza ukubwa wa magari yake makubwa, na wengine wakafuata. Wakati huohuo pikapu zilikuwa zimestaarabika: Chevrolet ya 1973 ilipatikana na milango minne na matairi manne nyuma, viti laini, kiyoyozi. Familia ikahamia huko pamoja na tela lake, na baada ya muda tela likapata kuta na paa.

Nikitaka kuona chuma cha A leo?

Jumba la makumbusho la Don Garlits huko Ocala, Florida, lina magari mengi ya zama hizo. Ukienda kwenye mashindano ya magari ya kale utayaona mengine yamekuja kwa matela ya kufungwa, marefu kama nyumba, lakini mbele bado yana yale masikio mawili. Piga magoti uyaangalie. Kama tundu la pini bado ni duara na rangi yake haijachubuka, yaliwekwa juzi kwa ajili ya urembo. Kama tundu limelika likawa yai, basi gari hilo lilivutwa kweli.